Namba Sita kutoka Oldonyo Sambu

Naisiae alikuwa amefika umri ambao watu hawamuulizi tena mtu kama amechoka. Wanamsogezea kiti tu. Alikuwa na miaka arobaini na minne, na miaka kumi na mmoja kati ya hiyo alikuwa ameimaliza kwenye chumba kimoja cha nyuma, katika ofisi ndogo ya afya ya mifugo pale Sokon One. Dirisha la chumba hicho lilitazama ukuta wa jirani. Ukipinda shingo kidogo uliona kipande cha Mlima Meru, lakini Naisiae alikuwa ameacha kupinda shingo. Ndugu zake walisema anatengeneza kompyuta. Mwanzoni aliwasahihisha, baadaye akaona haina maana.

Alichokuwa anatunza kwa kweli ni daftari. Halikuwa daftari la karatasi. Ndani yake mliandikwa kila boma lililowahi kuleta mifugo kwenye chanjo au kwenye josho, kuzunguka mlima mpaka upande wa kaskazini: jina la mwenye boma, kitongoji chake, namba yake ya simu, na idadi ya ng'ombe, mbuzi na kondoo. Ugonjwa ukianza mahali, daftari liliwaambia waganga wa mifugo waende wapi, na liliwatumia wafugaji ujumbe kabla mnyama hajaanza kutokwa na udenda. Lilikuwa jambo jema. Lakini mtu mwenye nia mbaya angelisoma daftari hilo angejua pia ng'ombe wako wapi, ni wangapi, na wanalindwa na bibi gani anayeishi peke yake.

Daftari halikuwa pale ofisini. Lilikaa kwenye mitambo ya kampuni moja ya ng'ambo, mahali ambapo watu wa kazi yake wanapaita wingu. Naisiae hakuwahi kulizoea jina hilo. Kwao, Oldonyo Sambu, wingu ni kitu unachokitazama juu ya mlima kabla hujaanika mahindi.

Kulifikia alitumia dirisha jeusi kwenye kompyuta, lisilo na picha wala vitufe. Unaandika amri, unabonyeza, unasubiri mstari wa jibu. Wenzake waliliogopa. Yeye alilipenda kwa sababu halikumwambia karibu wala asante, na siku nyingine hicho ndicho alichokihitaji, hasa tangu mumewe alipohamia Mwanza kikazi na taratibu akahamisha na mawazo yake huko, na binti yao akaenda shule ya bweni.

Funguo za daftari zilikuwa za aina mbili. Kulikuwa na ufunguo mdogo, mstari mrefu wa herufi na namba, ambao mfumo wenyewe uliutumia usiku na mchana kusoma na kuandika, bila kuulizwa swali. Na kulikuwa na ufunguo mkubwa, wa msimamizi, ambao ndio uliochonga funguo nyingine na kuzivunja. Ufunguo mkubwa ulitaka mambo mawili: nywila, na namba sita zinazotokea kwenye simu ya msimamizi na kubadilika kila baada ya nusu dakika. Asiye na simu hiyo mkononi haingii, hata kama nywila anaijua kama jina la mama yake.

Zamani wasimamizi walikuwa wawili. Mzee Philemoni alipostaafu na kurudi kwenye migomba yake Kikatiti, walimuaga kwa soda na keki, ufunguo wake ukafutwa, na mkurugenzi, Bwana Reginald, akasema mtu mwingine atatafutwa. Miaka miwili ikapita. Kila mwezi kampuni ya ng'ambo ilimtumia Naisiae ujumbe wa kumshauri aandikishe simu ya pili, ili moja ikipotea asifungiwe nje. Kila mwezi alibonyeza palipoandikwa baadaye.

Alhamisi moja ya mwezi wa pili, saa mbili na nusu asubuhi, alikuta Godbless amesimama mlangoni kwake na mkoba bado begani. Godbless alikuwa mwandishi wa programu wa ofisi, mtu wa Machame, baba wa watoto wawili, mtani wa kila mtu. Asubuhi hiyo hakutania.

"Dada Nai," alisema, "nimeharibu."

Jana yake jioni alikuwa amepandisha kazi yake kwenye mtandao, mahali ambapo waandishi wa programu huweka kazi zao na dunia nzima inaweza kuzisoma. Kazi ile ilipaswa kwenda kwenye sehemu iliyofungwa. Ilienda kwenye iliyo wazi, na ndani yake ulikuwa umeandikwa ufunguo mdogo, mzima, herufi kwa herufi. Alikuwa ameshaifuta, lakini kampuni ya ng'ambo ilikuwa imetuma onyo usiku: ufunguo umeonekana hadharani, uvunjwe mara moja. Kuna watu ambao mashine zao hazina kazi nyingine ila kuokota funguo za namna hiyo.

Naisiae alimwambia akae, akamwambia pia asianze kuomba radhi, ataomba wakimaliza. Kuvunja ufunguo ni kazi ya dakika mbili. Alifungua dirisha jeusi, akaandika amri ya kuingia kama msimamizi, akaweka nywila. Dirisha likamuuliza namba sita.

Alichukua simu yake. Programu ya namba ilikuwepo, lakini alipoifungua ilimkaribisha kama mgeni na kumwonyesha jinsi ya kuanza. Ndani hamkuwa na kitu.

Ufunguo mkubwa aliutumia mara tatu au nne kwa mwaka. Mara ya mwisho ilikuwa Novemba. Simu hii mpya aliinunua Desemba. Alihamisha majina, alihamisha picha, alihamisha mazungumzo. Namba hazikuhama, kwa sababu namba hizo hazihami zenyewe, jambo ambalo yeye mwenyewe aliwahi kuwafundisha wengine kwenye semina.

Simu ya zamani ilikuwa Oldonyo Sambu. Aliipeleka Krismasi, kama watu wa mjini wanavyopeleka nyumbani kila kitu ambacho mji umemalizana nacho: masufuria, makoti, redio, simu. Kwa kawaida angeifuta kwanza. Lakini ilikuwa na picha saba za marehemu baba yake, Mzee Lengai, na katika moja alikuwa anacheka huku amembeba ndama, yeye ambaye hakucheka mbele ya kamera hata siku ya harusi ya bintiye. Mama alitaka picha zibaki palepale zilipopigiwa. Kwa hiyo simu ikapanda mlima ikiwa na vyote vilivyomo, ila laini tu. Kwa kupiga na kupokea mama alikuwa na kitochi chake. Simu kubwa ilikuwa ya picha, ya nyimbo za kwaya, na ya kengele ya dawa za presha, saa mbili asubuhi na saa mbili usiku.

Njia nyingine ilikuwa kuiandikia kampuni ya ng'ambo barua yenye mihuri, kuthibitisha yeye ni nani na shirika ni nani. Siku tatu hadi tano. Naisiae alitazama jina la ufunguo mdogo kwenye barua ya onyo, akapiga simu nyumbani.

Mama yake, Namnyaki, hakuwa mtu wa kuharakishwa kwenye salamu. Alisema takwenya, Naisiae akaitikia iko, kisha wakapita kwa binti aliyeko bweni, kwa afya, kwa jua, kwa mbuzi aliyezaa pacha, kwa mchungaji aliyehamishwa. Godbless alikaa akihesabu vidole vyake. Ilipofika zamu yake, Naisiae alieleza taratibu: achukue simu kubwa, atafute kialama chenye kufuli, akibonyeze, atakuta namba sita, amsomee.

Mama alizipata upesi kuliko walivyotarajia. Akaanza kusoma kama anavyosoma namba yoyote kubwa, kwa heshima yake yote: laki nne, elfu sabini, mia tatu themanini na... Kisha akasema zimekimbia, sasa ni laki tisa. Naisiae akamwomba asome moja moja, kama namba ya simu. Mama akasema hizi namba zina haraka kuliko watu wa mjini. Mara ya tatu walipatana: mama asubiri kiduara cha pembeni kiishe, na zikitokea mpya aanze papo hapo, bila laki wala elfu.

Alisoma vizuri, sauti imetulia, sita kamili. Naisiae aliziandika na kubonyeza. Dirisha jeusi lilijibu kwa mstari mmoja: imekataliwa.

Wakarudia. Imekataliwa. Mara ya tatu Godbless naye aliandika kwenye karatasi alichokisikia, wakalinganisha, kilikuwa kilekile. Imekataliwa. Ilikuwa yakaribia saa nne. Naisiae alihisi uchovu ukimpanda kutoka miguuni, ule wa miaka, si wa asubuhi ile. Alifikiria macho ya mama, yaliyokuwa na ukungu kidogo Krismasi. Alifikiria sita na tisa, moja na saba. Na hapo akasema alichosema.

"Yeyo, unasoma au unakisia?"

"Mimi niliishia darasa la nne," mama alisema, bila hasira. "Lakini sita naijua, na tisa naijua."

Naisiae akasema hakuwa na maana hiyo. Mama akasema sawa. Hata Godbless, aliyekuwa na makosa kuliko wote mle chumbani, aliinamisha macho.

Bwana Reginald alikuwa amekuja na kusimama mlangoni, miwani mkononi. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulikuwa mgumu kuuvumilia kuliko ukali. Aliuliza nani mwingine anaweza kupata namba hizo. Naisiae akasema hakuna. Akauliza kwa nini hakuna. Naisiae angeweza kumkumbusha habari za Mzee Philemoni na za nafasi isiyojazwa, na angekuwa na haki. Lakini zilikuwepo zile jumbe za kila mwezi na palipoandikwa baadaye.

"Nilichelewa," alisema.

Mkurugenzi akatoa ufunguo wa gari.

Godbless ndiye aliyeendesha. Walipita Sakina, wakapita Ngaramtoni penye soko na malori ya vitunguu, wakashika barabara ya Namanga. Naisiae alikuwa amepakata kompyuta kama mtu aliyebeba mgonjwa. Upande huu mlima hubadilika. Kutoka mjini Meru ni wa kijani, una misitu na mawingu. Ukiuzunguka kwa kaskazini unakuta mgongo wake mkavu, makorongo na vumbi, kana kwamba mvua yote imeombwa na watu wa upande mwingine. Naisiae alizaliwa kwenye mgongo huo.

Godbless alisema anadhani atafukuzwa. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayeeleza njia. Naisiae akamwambia hajui, na kwamba mwaka wake wa pili kazini yeye mwenyewe aliwahi kufuta majina ya kata nzima, na Mzee Philemoni akakaa naye siku mbili wakiyaandika upya bila kumwambia mtu. Godbless akacheka kidogo, akasema basi kumbe ofisi ina mila.

Naisiae alikuwa anawaza macho ya mama. Ikiwa ni mtoto wa jicho itabidi ampeleke hospitali, na nani atakaa na mbuzi. Ikiwa hawezi tena kutofautisha namba, dawa za presha anazisomaje. Mzazi akianza kushindwa mambo madogo, mtu anaanza kupanga mambo makubwa kichwani bila kumshirikisha, na Naisiae alikuwa ameshapanga mpaka kumleta Sokon One na kumpa chumba cha binti yake, na mama, katika mawazo hayo, hakuwa amesema neno.

Walifika wakamkuta amesimama langoni pa boma, shuka jekundu begani na miwani ya kanisani usoni. Alikuwa ameivaa tangu simu ya asubuhi. Naisiae aliinamisha kichwa, mama akamgusa utosini kama alivyomgusa tangu utoto. Godbless akatoa shikamoo yake, akaitikiwa marahaba na kuulizwa ukoo. Aliposema Machame, mama akasema si neno, ataletewa chai hata hivyo.

Chai ilikuja kabla ya simu, na hakuna aliyethubutu kubadili mpangilio huo. Kisha mama akaleta simu kubwa, imefungwa kwenye leso, akaketi kwenye kigoda, akaifungua mwenyewe na kubonyeza kialama cha kufuli. Akaanza kusoma. Naisiae alisimama nyuma yake, akitazama juu ya bega.

Mbili, saba, saba, tisa, sifuri, sita. Kila moja ilikuwa sahihi. Alisubiri kiduara kiishe, akasoma nyingine sita, sahihi zote. Naisiae aliziandika yeye mwenyewe, akiziona kwa macho yake, kwenye kompyuta aliyoiunganisha na intaneti ya simu yake mpya. Imekataliwa.

Godbless alikuwa amechuchumaa pembeni, anaitazama simu ya mama. Akasema, kama mtu asiye na hakika anachouliza:

"Hapa inasema saa tano na nusu."

"Ndiyo, ni saa tano na nusu," mama akamjibu.

Na ndivyo ilivyokuwa. Jua lilikuwa karibu utosini, na mtu yeyote pale kijijini ukimuuliza angesema saa tano na nusu. Naisiae mwenyewe alitikisa kichwa kukubali. Kisha akageuza macho kwenye kona ya kompyuta yake, palipoandikwa kumi na moja na dakika thelathini na mbili, akarudi kwenye simu ya mama, palipoandikwa tano na dakika thelathini na mbili, na akakumbuka.

Ilikuwa jioni ya Krismasi, ana maji ya vyombo mikononi. Mama alilalamika kwamba simu hii aliyoletewa ni nzuri lakini inadanganya. Inasema saa kumi na tatu. Kuna saa kumi na tatu? Inasema saa mbili usiku ni saa ishirini, sasa dawa atameza lini? Watu wote walicheka. Naisiae alifuta mikono kwenye khanga, akaichukua simu, akaizuia isijipangie saa, na kwa kidole chake akaifanya ihesabu mwisho kumi na mbili, akairudisha nyuma saa sita, ili isome kama watu wanavyosoma. Mama alifurahi. Ilimchukua chini ya dakika moja, na kabla hajamaliza vyombo alikuwa ameshasahau.

Alimweleza Godbless kwa sauti ndogo, ingawa Godbless alikuwa ameshaelewa. Simu na mitambo ya ng'ambo haziongei. Kila moja hutazama saa yake, hukokotoa, hupata namba sita. Saa zikilingana, namba zinalingana. Mama alikuwa amesoma sawasawa asubuhi nzima. Ni kwamba simu yake ilikuwa inatoa namba za saa sita zilizopita, namba za alfajiri, watu wakiwa wamelala.

Naisiae alichuchumaa mbele ya kigoda.

"Yeyo, ulisoma sawa. Kosa lilikuwa langu, tangu Krismasi."

"Najua nilisoma sawa," mama alisema. "Ndiyo maana sikubishana."

Na akamwongezea chai.

Kilichobaki kilikuwa cha dakika chache. Naisiae aliirudisha saa ya simu pale dunia ilipo, akasubiri nusu dakika. Mama akadai asome yeye. Akasoma, Naisiae akaandika, na dirisha jeusi, bila kupongeza mtu, likafungua. Aliandika amri ya kuuzima ufunguo mdogo, kisha ya kuufuta, kisha ya kuchonga mpya. Halafu akaandikisha simu yake mwenyewe. Kwa hilo mitambo hutaka namba mara mbili mfululizo, na wote watatu wakasubiri kimya kiduara kizunguke kama wanasubiri sufuria ichemke. Alipomaliza alimpigia Bwana Reginald, wakazungumza kidogo, kisha akamnyooshea Godbless mkono.

"Lete na yako."

Godbless aliuliza kama ana hakika. Naisiae akamwambia aliyeunguzwa na kitu hiki leo hatakisahau mapema, na alete simu kabla hajabadili mawazo.

Mwisho akaomba kumbukumbu, ile orodha ya mstari kwa mstari inayoonyesha nani ametumia ufunguo gani na saa ngapi. Alizisoma polepole, Godbless akisoma juu ya bega lake. Usiku kucha ufunguo mdogo ulitumiwa na mfumo wenyewe tu. Saa tatu, hivyohivyo. Saa nne na dakika arobaini na saba, ulitumiwa kutoka mahali pasipojulikana. Mtu, au mashine ya mtu, ilifungua daftari, ikachukua kurasa za kata mbili, ikaondoka baada ya dakika sita. Wakati huo wao walikuwa Ngaramtoni, nyuma ya lori la vitunguu. Wakati wa simu ya kwanza, ufunguo ulikuwa bado haujaguswa na mtu. Laiti angeuliza saa badala ya kuuliza macho.

Kata moja ilikuwa hii waliyokuwa wameketi.

Hakutaka kumficha mama. Alimwambia kwamba kuna watu wasiojulikana ambao sasa wana majina ya maboma ya hapa, namba za simu, na idadi ya mifugo, na kwamba jina lake limo. Mama alisikiliza, mikono mapajani. Kisha akauliza yeye ameandikiwa ng'ombe wangapi. Naisiae akatazama. Kumi na wanne.

"Na nani aliwaambia nina kumi na wanne?"

Naisiae akasema ni mama mwenyewe, pale josho, mwaka juzi. Mama akasema siku ile kwenye josho sita walikuwa wa Lomayani, mzee wa jirani, na wake yeye wengine walikuwa kwa shemeji yake na wengine upande wa Longido kwa rafiki wa marehemu. Nani anaweka ng'ombe wake wote boma moja, ugonjwa ukija wafe wote siku moja? Na nani, mwenye akili zake, anamtajia mgeni mwenye kalamu idadi ya kweli? Hata mchungaji haambiwi.

Godbless aligeukia mbuzi ili acheke kwa adabu. Naisiae hakucheka mara moja. Alikuwa anaiona miaka yake kumi na mmoja, safu kwa safu, imepangwa vizuri, imefungwa kwa funguo za aina mbili, na ndani yake watu wamesema walichotaka kusema. Kisha naye akacheka, kicheko kifupi kilichomwacha amechoka zaidi na mwepesi kidogo.

Lakini majina yalikuwa ya kweli, akamwambia mama, na namba za simu pia. Maboma elfu moja na mia moja lazima yaambiwe. Mama akasema hilo ni jambo la Jumapili, baada ya matangazo. Atasimama mwenyewe kanisani aseme, mtu asimjibu mgeni anayepiga na kuuliza habari za ng'ombe. Upande wa kata ya pili wajipange wao wa ofisi. Alilisema kama anayegawa kazi za asubuhi. Naisiae aliangalia miwani ile ya kanisani na akaona hakuna haja tena ya kumtajia chumba cha Sokon One.

Walipokuwa wanafunga kompyuta, mama alichukua simu kubwa, akaiweka mbali kidogo na uso, akakunja kipaji.

"Sasa hii mmeniharibia. Inasema kumi na mbili. Rudisha saa yangu."

Naisiae akaipokea. Kwanza aliingia kwenye programu ya namba akazifuta, zisibaki na kazi yoyote huko kijijini. Akazitazama picha saba, zilikuwepo, na baba alikuwa bado anacheka na ndama wake. Kisha akaenda kwenye saa, akaizuia isijipangie, na kwa kidole akairudisha nyuma saa sita, polepole safari hii, akitazama anachofanya. Akaangalia kengele ya dawa: saa mbili, saa mbili. Akamrudishia mwenyewe.

Mama aliisoma. Saa saba kasoro dakika kumi. Akaifunga kwenye leso yake akaridhika, akawasindikiza mpaka langoni, akimuuliza Godbless kama kwao Machame watu hunywa chai kikombe kimoja tu. Naisiae alipanda garini na kompyuta yake mapajani, akaanza kutunga kichwani barua ya kuwaonya watu wa kata ya pili, ataanzaje, na atawaita nini watu ambao hajawahi kuwaona.